Jinsi ya Kujiandaa na Msimu wa Formula 1 wa 2026 Kabla Taa Hazijazimika Melbourne

Wadau, msimu wa 2026 unaanza Melbourne wikiendi ya tarehe 6 mpaka 8 Machi na tayari kila kijiwe kina bingwa wake, huyu anasema Mercedes wameshamaliza kazi, yule anasema Adrian Newey, yule mbunifu maarufu wa magari, yupo Aston Martin basi mambo yameisha, mwingine bado anapiga hesabu za DRS, lile bawa la nyuma lililokuwa linafunguka ili kumpita wa mbele, wakati DRS yenyewe haipo tena. Huu mwongozo ni kwa wale wanaotaka kubishana huku wanaelewa wanachokiona, maana mwaka huu injini na bodi vimebadilishwa kwa mkupuo mmoja, na ukiangalia kwa macho ya mwaka jana utaona gari linaishiwa spidi kabla hata ya breki ukadhani injini imekata kumbe dereva yuko poa kabisa, anafanya alichoambiwa. Neno langu kubwa ni moja tu, fuatilia betri. Mengine yote, nani anapita nani, nani anaonekana mzito kwenye majaribio, nani anakasirika redioni, mengi yake yatarudi hapo hapo kwenye betri.

Anza na gari lenyewe

Bodi tuipitie haraka. Gari limepungua, uzito wa chini unaoruhusiwa ni kilo 768 badala ya 800, upana sentimita 190 badala ya 200, na urefu kati ya tairi la mbele na la nyuma mwisho sentimita 340 badala ya 360. Tairi bado ni inchi 18 ila upana wake umepungua, mbele kwa milimita 25, nyuma kwa milimita 30. Mabawa ya mbele na ya nyuma sasa yanafunguka yote, na hapa ndo watu wengi watachanganyikiwa, kwa sababu yanafunguka kwa kila dereva kwenye kila mzunguko sehemu zilizopangwa, hata kama anaongoza peke yake hana mtu nyuma. Kwa hiyo ukiona bawa limefunguka usiseme "anamfukuza huyo", hapana, ni utaratibu wa kawaida wa kupunguza ukinzani wa upepo kwenye sehemu iliyonyooka, wakifika kwenye kona linafunga.

Sasa injini, hapa tukae kidogo.

Kile kifaa kilichokuwa kinavuna umeme kwenye turbo, MGU-H, kimeondolewa. Ile mota nyingine, MGU-K, inayosukuma gari na kuchaji betri wakati wa breki, imepandishwa kutoka kilowati 120 hadi 350. Injini ya mafuta nayo imeshushwa, zamani ilikuwa inatoa kama kilowati 550, sasa ni karibu 400, tena inachoma mafuta endelevu asilimia 100. Yani nguvu ya gari sasa karibu nusu inatoka kwenye mafuta na karibu nusu kwenye umeme.

Piga hesabu mwenyewe uone ugumu ulipo. Umeme ambao dereva anaweza kuutumia betri ikiwa imejaa ni megajuli 4. Mota ikivuta kilowati 350 zote, megajuli 4 zinaisha ndani ya sekunde 11 na ushee. Mwaka jana Lando Norris alianza wa kwanza Melbourne baada ya kuzunguka mara moja kwa dakika 1 na sekunde 15.096. Weka hizo sekunde 75 upande mmoja na zile 11 upande mwingine, uone pengo. Ni kama LUKU, ukiwasha kila kitu asubuhi jioni unakaa giza, ila hawa jamaa wanapaswa kununua umeme njiani mara kadhaa kwenye mzunguko mmoja na wakati huo huo wanashindana.

Wanaununuaje? Njia ya kwanza ni breki, hiyo kila mtu anaijua. Ya pili ni kuachia mafuta mapema kabla ya kona, gari linatereza lenyewe huku mota inachaji. Ya tatu ndo itakayozua ugomvi mwaka mzima, dereva mguu umekanyaga mpaka chini lakini mota imegeuka jenereta, inakula sehemu ya nguvu ya injini na kuipeleka kwenye betri. Hii utaiona vizuri ukiangalia kamera iliyo juu ya kichwa cha dereva. Sikiliza sauti kwanza, injini inalia kwa nguvu zote, mguu haujaachia, halafu angalia namba ya spidi kwenye skrini, inafika juu, inasimama, inaanza kushuka taratibu kabla ya bango la mita 100, na ukiangalia kwa kamera ya gari la nyuma yake utaona taa yake nyekundu ya mkiani inaanza kupepesa. Taa ile ikipepesa maana yake gari linavuna umeme. Jizoeze kuitafuta hiyo taa. Ukiizoea utajua nani anachaji mapema na nani anachelewa, na utaanza kutabiri ovateki kabla mtangazaji hajafungua mdomo.

Kuna kitu kingine juu ya hapo. Gari likipita kilomita 290 kwa saa, nguvu ya umeme inaanza kupunguzwa na kanuni zenyewe, inashuka shuka hadi inakata kabisa kwenye 345. Kwa hiyo mwisho wa sehemu ndefu gari lazima lilegee hata kama betri ina chaji.

Ovateki ya mwaka huu inavyofanya kazi

DRS imeondoka, badala yake kuna kitufe cha kuovateki. Ukiwa ndani ya sekunde 1 nyuma ya mtu kwenye sehemu ya kipimo unapewa ziada ya nusu megajuli, na mota yako inaruhusiwa kusukuma kilowati 350 zote hadi kilomita 337 kwa saa wakati wa mbele yako yeye anaanza kupunguziwa kwenye 290. Faida ipo, tena kubwa. Lakini umeme ulioutumia kumpita mwenzako lazima uurudishe, na ukishampita yeye ndo anakuwa nyuma yako ndani ya sekunde 1, na yeye anapewa ile ziada.

Ushauri wangu hapa ni wa vitendo kabisa, usishangilie ovateki mpaka mzunguko unaofuata uishe. Angalia aliyepita ana kiasi gani kwenye betri (mara nyingi grafiki ya TV itaonyesha), angalia kama anajilinda kwenye sehemu iliyonyooka inayofuata au analegea. Madereva wenye akili watafanya makusudi kukaa nyuma, wamlazimishe wa mbele amalize betri akijilinda, halafu wampite sehemu ambayo hawezi kurudisha. Hapa ndo wazee kama Fernando Alonso, ambaye Julai anafikisha miaka 45, wanaweza kuonyesha vitu, kwa sababu hii ni kazi ya kichwa sana. Mi naisubiri kwa hamu kuliko kitu chochote msimu huu.

Na mwanzo wa mbio pia, usiende jikoni kuchukua chai taa zikiwaka. Bila MGU-H turbo inachelewa kujaa hewa, halafu mota ya umeme hairuhusiwi kusaidia mpaka gari lifike kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo dereva anategemea injini ya mafuta na turbo tu kuondoka pale kwenye gridi. Akikosea kidogo kushikilia mzunguko wa injini anaondoka kizembe na magari matano yanampita kabla ya kona ya kwanza. Mbio za kwanza kwanza naona tutashuhudia watu walioanza mbele wakiingia kona ya kwanza wapo nafasi ya sita.

Jua nani anatumia injini ya nani

Mabishano mengi ya mwaka huu yatakuwa hayana maana kama hujui hili. Timu ni 11, madereva 22, ila watengenezaji wa injini ni watano tu. Injini ya Mercedes iko kwenye Mercedes wenyewe, McLaren, Williams na Alpine, hawa Alpine ni wapya hapo baada ya Renault kuacha kutengeneza injini. Ya Ferrari iko Ferrari, Haas na Cadillac, timu mpya ya Wamarekani. Red Bull safari hii wamejitengenezea wenyewe wakishirikiana na Ford, wanaitumia wao na wadogo zao Racing Bulls. Honda wamehamia Aston Martin. Audi wamechukua timu ya Sauber na wanatumia injini yao wenyewe.

Faida ya kuijua hii orodha ni kwamba unaweza kutenganisha shida ya injini na shida ya gari. Mfano Aston Martin wakiwa taratibu huna mtu wa kuwalinganisha nao kwa sababu Honda yuko kwao peke yao, inabidi usubiri data. Lakini Williams wakiwa nyuma ya McLaren kwa sekunde nzima, injini ni ile ile, basi usilaumu injini, shida iko kwenye bodi au kwenye namna wanavyoutumia ule umeme. Na kama magari manne ya kwanza Melbourne yote yana Mercedes ndani, basi hapo ujue injini inaongea.

Hili limeshatokea. Mwaka 2014, mara ya mwisho injini zilipobadilishwa kwa ukubwa huu, Mercedes walishinda mbio 16 kati ya 19 na utawala wao ukaendelea miaka. Ndo maana safari hii FIA, wale wanaosimamia mchezo, wameweka utaratibu wa kuwasaidia waliobaki nyuma, injini zinapimwa kila baada ya kipindi cha mbio sita, ya kwako ikionekana iko nyuma ya iliyo bora kwa asilimia 2 au zaidi unaruhusiwa kuiboresha nje ya ratiba ya kawaida, na ikizidi asilimia 4 unapewa nafasi zaidi. Kwa hiyo timu ikianza vibaya Machi usiizike. Weka alama kwenye kalenda yako baada ya mbio ya sita uangalie nani karuhusiwa kufungua injini.

Kuna na ule mgogoro wa mgandamizo ndani ya silinda, kanuni zimeushusha kutoka 18 kwa 1 hadi 16 kwa 1 na kipimo kinachukuliwa injini ikiwa haijapata moto, wapinzani wanadai kuna aliyepata njia ya kuupandisha injini ikishapata moto. Mtu akikuletea hii stori kijiweni usiidharau, ila usiifanye hukumu pia, subiri FIA waamue wanapimaje.

Kusoma majaribio bila kudanganywa

Hapa ndo watu wanaliwa kila mwaka. Kuna majaribio ya Barcelona mwisho wa Januari, hayo ni ya mlango kufungwa, halafu Bahrain mara mbili, tarehe 11 mpaka 13 na 18 mpaka 20 Februari. Utaletewa screenshot ya jedwali, fulani wa kwanza, fulani wa kumi na nne, na mtu ataanza kutangaza bingwa.

Kumbuka 2019. Ferrari walitoka Barcelona wakiwa juu ya jedwali na kila mtu akasema mwaka ndo huu. Wakaenda Melbourne, Valtteri Bottas akashinda na Mercedes, Lewis Hamilton wa pili, Sebastian Vettel na Ferrari yake wa nne karibu dakika nzima nyuma. Mercedes wakashinda mbio nane za mwanzo mfululizo. Yule aliyeamini jedwali aliumia.

Sasa linganisha na majaribio ya 2014 pale Jerez, Hispania. Red Bull, mabingwa wa miaka minne mfululizo, walifanya mizunguko 21 tu kwa siku nne nzima, gari linawaka moshi, linarudi gereji, linatoka, linasimama. Mercedes walifanya zaidi ya 300. Ukiangalia muda usingejua kitu, ukiangalia idadi ya mizunguko ulikuwa umeshajua msimu mzima. Kwa hiyo kwenye mwaka wa injini mpya kitu cha kwanza kuandika kwenye daftari lako ni mizunguko mingapi kila timu imefanya, na kila injini imefanya jumla ngapi ukichanganya timu zote zinazoitumia. Timu inayotengeneza kila asubuhi haina muda wa kujifunza namna ya kupanga umeme wake, na mwaka huu kujifunza hilo ndo kila kitu.

Cha pili, achana na mzunguko mmoja wa haraka, tafuta zile safari ndefu, mizunguko kumi au kumi na tano bila kuingia gereji. Huwezi kujua gari limebeba mafuta kiasi gani, na kwa makadirio ya kawaida kila kilo 10 za mafuta zinakula kama sehemu tatu za kumi za sekunde kwa mzunguko, kwa hiyo timu inaweza kujificha sekunde nzima bila shida. Ila kwenye safari ndefu angalia muda unavyoporomoka kutoka mzunguko wa kwanza mpaka wa mwisho. Kama unashuka taratibu na kwa mpangilio, gari lina afya, tairi linatunzwa. Kama unaruka ruka, mzunguko mmoja haraka, unaofuata sekunde mbili nyuma, halafu haraka tena, huyo anachaji mzunguko mmoja anautumia mwingine, bado hajapata mpangilio.

Cha tatu angalia vifaa. Asubuhi utaona magari yanatoka yamefungwa vyuma kama wavu nyuma ya tairi, na mengine yamepakwa rangi ya majimaji ya kijani au njano kwenye bawa, wanaangalia upepo unapita wapi. Hiyo kawaida siku ya kwanza. Ila timu ikiendelea kupaka rangi hadi siku ya mwisho ya Bahrain na wahandisi wanapiga picha lile bawa kwa ukaribu huku wamekunja uso, ujue namba za uwanjani hazifanani na za kompyuta na wana mtiti.

Na hili sijaona watu wengi wanalisema, Bahrain itatudanganya kuhusu Melbourne hata kama timu zote zingeendesha kwa ukweli. Bahrain ina breki nzito kadhaa, kila breki nzito ni chaji ya bure. Albert Park pale Melbourne, kilomita 5.278 kwa mzunguko, sehemu kubwa unakwenda kwa kasi na breki nzito ni chache, betri inakufa na njaa. Timu inaweza kuonekana tamu Bahrain ikafika Melbourne ikawa inalegea kila sehemu iliyonyooka. Monza mwezi wa 9 itakuwa hivyo hivyo na zaidi. Kwa hiyo kabla ya kila mbio jiulize swali moja, hapa wanachaji wapi?

Ila pia usiwe mtu wa kukataa kila kitu. 2009 ile timu ya Brawn, iliyotokana na Honda kujitoa Desemba 2008, ilijitokeza kwenye majaribio Machi gari likiwa halina hata wadhamini wa maana, likawa haraka, watu wakasema wanaendesha tupu kutafuta wadhamini. Jenson Button akashinda mbio sita kati ya saba za kwanza na akabeba ubingwa. Tofauti ilikuwa kwamba lile gari lilikuwa haraka kwenye safari ndefu pia, siku baada ya siku. Ndo maana nasema daftari.

Madereva wa kuwaweka jicho

Mpime dereva kwa mwenzake wa timu moja kwanza, wengine baadaye. Norris ndo bingwa, anabeba namba 1, na Max Verstappen amehamia namba 3. Norris na Oscar Piastri hapo McLaren bado lipo la kuongea, maana Piastri alikuwa anaongoza 2025 kwa muda mrefu halafu likamponyoka.

Isack Hadjar anakaa kwenye kile kiti cha pili Red Bull kilichowala wengi, Liam Lawson mwaka jana alikaa mbio mbili tu. Ila Hadjar ana bahati moja, gari ni jipya kabisa na halijajengwa miaka na miaka kwa mtindo wa Verstappen, kwa hiyo usimpime kwa waliomtangulia, mpe mpaka mbio ya sita.

Hamilton. Hili naliongea kwa moyo. Mwaka wake wa kwanza Ferrari hakupanda jukwaani hata mara moja kwenye Grand Prix, alishinda sprinti (ile mbio fupi ya Jumamosi) ya China tu, na wengi wanasema ameisha. Yale magari ya 2022 mpaka 2025 yaliyokuwa yanalala karibu na lami hakuwahi kuyapenda, na sasa yameondoka. Asipomkaribia Charles Leclerc mwaka huu basi tutaongea mengine, lakini hukumu iandikwe mwaka huu, ile ya mwaka jana muiweke pembeni.

Cadillac wana Sergio Pérez na Valtteri Bottas, wawili hawa wana ushindi 16 wakijumlishwa, Audi wana Nico Hülkenberg na Gabriel Bortoleto, na mgeni pekee kwenye gridi ni Arvid Lindblad pale Racing Bulls. Cadillac usiwapime kwa pointi, wapime kwa kumaliza mbio.

Na kwa sababu magari ni 22, mchujo wa Jumamosi wa kupanga nafasi za kuanzia umebadilika kidogo, wanatoka sita raundi ya kwanza, sita ya pili, wanabaki kumi. Pointi ni zile zile 25, 18, 15, 12, 10, 8, 6, 4, 2, 1.

Panga saa yako na bando lako

Wengi wetu Afrika Mashariki tunaangalia SuperSport kwenye DStv, kama king'amuzi chako hakina ile chaneli ya magari angalia kifurushi mapema, usisubiri Jumapili asubuhi. Melbourne mbio ni Jumapili saa 1 asubuhi kwa saa zetu, mchujo Jumamosi saa 2 asubuhi. Mazoezi ya kwanza Ijumaa ni saa 10 na nusu alfajiri, na kwa kuwa mwezi huo tutakuwa kwenye Ramadhani, wanaofunga mtakuwa mmeamka daku hata hivyo, washeni TV.

Wikiendi inayofuata ndo ya hatari. China ni tarehe 13 mpaka 15 Machi, tena ina sprinti, na Safari Rally ya WRC, ubingwa wa dunia wa rally, iko Naivasha tarehe 12 mpaka 15. Sprinti ni Jumamosi saa 12 asubuhi, mbio Jumapili saa 4 asubuhi. Kama unakwenda Naivasha, pakua kabisa bando la kutosha maana ukiwa vumbini huko mtandao wenyewe unagombaniwa, na mi kwa maoni yangu ukiwa umepata nafasi ya kusimama pembeni ya njia kuona gari la Rally1, daraja la juu la rally, linapita, China utaiangalia marudio usiku. Japani tarehe 29 Machi ni saa 2 asubuhi.

Zikifika Ulaya ni raha, nyingi ni saa 10 jioni, Silverstone saa 11. Mbio za Amerika ndo za kukesha, Austin na Mexico ni saa 5 usiku, Brazil angalau saa 2 usiku. Las Vegas wao wanakimbia Jumamosi usiku kwao, kwetu ni Jumapili saa 1 asubuhi. Wikiendi za sprinti ni sita, China, Miami, Canada, Silverstone, Zandvoort na Singapore, hizo usilale Ijumaa kwa sababu wana mazoezi mara moja tu halafu wanaingia kwenye mchujo wa sprinti, na kwa magari haya mapya saa moja ya mazoezi kupanga umeme ni kidogo sana, tutaona maajabu. Madrid nayo ni mpya, Septemba, hakuna mwenye data ya huko.

Afrika hatumo kwenye kalenda, na inauma. Mara ya mwisho ilikuwa Kyalami 1993. Rais Kagame alitangaza Kigali Desemba 2024 kwamba Rwanda inaiomba mbio, na Afrika Kusini nao wanaitaka. Mtu akikuuliza kwa nini tunaamka alfajiri kuangalia mchezo ambao haujafika kwetu miaka zaidi ya 30, mjibu kwamba hii nayo ni sababu ya kuendelea kuudai.

Andikeni utabiri wenu sasa hivi

Kwenye grupu lenu kila mtu aandike kabla ya Ijumaa ya Melbourne, bingwa, timu bingwa, injini bora, timu ya mwisho, na dereva atakayemfunika mwenzake bila kutarajiwa. Mtu mmoja ahifadhi. Hakuna kubadilisha. Wekeni na sharti kwamba kila utabiri uje na sababu moja, kwa sababu hiyo ndo inaleta mjadala mzuri mwezi wa 7.

Na anayetaka kutangaza bingwa mwezi wa 5 mkumbusheni 2025. Baada ya Zandvoort Verstappen alikuwa pointi 104 nyuma ya Piastri, watu wakamzika. Las Vegas McLaren zote mbili zikafutwa matokeo kwa sababu ubao wa chini ya gari ulikuwa umelika kupita kiasi. Abu Dhabi wakamaliza Norris 423, Verstappen 421, Piastri 410. Pointi mbili!

Wa kwangu huu hapa. Bingwa George Russell, sababu ni kwamba Mercedes wana timu nne zinazowaletea data ya injini moja na yeye ni mtulivu kwenye hesabu za katikati ya mbio. Timu bingwa Mercedes, McLaren wa pili kwa karibu. Verstappen atashinda mbio zisizopungua nne hata injini ya Red Bull ikiwa ya tatu kwa ubora. Aston Martin wataanza vibaya na watakuwa jukwaani kabla ya Desemba. Kimi Antonelli atamsumbua Russell kuliko watu wanavyodhani, hasa kwenye mchujo. Cadillac wa mwisho kwa pointi, ila wataanza kupata pointi kabla msimu haujafika nusu. Haya, wekeni za kwenu na sababu zake, kisha weka alamu ya Jumapili tarehe 8 saa 12 na nusu asubuhi, ile nusu saa kabla ya mbio ndo wanaonyesha nani anaanza na tairi gani.